Mguu Wangu Una Jina la Kizungu

Thelathini na tisa. Nakujibu kabla hujafungua mdomo, maana macho yako nimeyaona yakishuka chini, na kila anayeiona miguu yangu anataka kujua navaa namba ngapi. Ni thelathini na tisa, lakini hiyo ni kwa urefu. Kwa upana hakuna namba. Naona wenye viwanda hawajafika huko bado.

Tazama vizuri, usione haya. Kidole gumba kimeelekea Magu, cha mwisho kimeelekea Ukerewe, na hivi vitatu vya katikati kila kimoja kina shamba lake. Sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa na miguu kama ya mtoto mwingine yeyote, laini kama kiazi kilichomenywa. Lakini nilipelekwa kwenye majaruba ya mpunga hata kanga sijajua kuifunga, na kwenye tope la kwetu Magu, ukitembea na vidole vilivyobanana unaanguka wewe na miche yako. Unavitanua, vinashika. Halafu nikaolewa huku Mwanza, nikapewa nyumba juu mlimani, katikati ya mawe, na bomba liko chini kabisa. Miaka yote hiyo napanda na ndoo kichwani juu ya jiwe lililolowa, miguu mitupu. Jiwe lile ukilikanyaga na ndala linakurudisha chini ulikotoka. Linataka kidole. Basi vidole vikatanuka, na vikakaa hivyohivyo, kama watu waliozoea kulala kila mmoja na kitanda chake.

Viatu nilivyovaa maishani ni makatambuga ya tairi, na baadaye yeboyebo za plastiki. Hivyo havigombani na mtu. Kidole kikitaka kutoka nje kuangalia dunia, kinatoka.

Sasa mjukuu wangu akachumbiwa.

Huyu mjukuu nimemlea mimi. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alifariki mtoto hajaanza hata shule. Nikambeba. Nikisema nilimbeba namaanisha mgongoni, na ndoo kichwani, kuyapanda yaleyale mawe. Kwa hiyo iliposemwa kutakuwa na sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao, nilijua kazi moja ni yangu. Keki wafanye wao, na maputo, na muziki wa kupasua masikio. Lakini kumshika mkono yule mtoto, kumtembeza ukumbini mpaka walipokaa watu wa upande wa mume, na kuuweka mkono wake mikononi mwao, hiyo ni yangu. Hata yeye alisema hivyo. "Bibi, ni wewe. Nisipokuona wewe pembeni yangu siingii."

Kamati ikakaa sebuleni kwangu. Mwenyekiti alikuwa mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa. Anafanya kazi ofisini huko Nyamagana, mtu wa mpangilio, nampenda kama nilimzaa. Ila akiongea utadhani anawasomea abiria tangazo la meli.

"Mama, tusielewane vibaya. Sare ni kitenge cha bluu na kiatu cha kufunika, rangi ya dhahabu. Nasema cha kufunika, mama. Ukumbi una vigae, kuna video, kuna watu wa heshima. Hatuwezi kuingia pale na yeboyebo."

Nikauliza, "Na ndala ya wazi, hizi za shanga?"

"Mama. Magaga. Kamera inavuta karibu."

Kamati nzima ikaanza kuangalia dari yangu, kama vile imechorwa kitu.

"Na kama kiatu kitakusumbua," akaendelea, sauti sasa laini kama anambembeleza mgonjwa anywe uji, "usijilazimishe, mama. Shangazi yake anakuja kutoka Dar. Shangazi atamtembeza. Wewe tutakuwekea kiti kizuri mbele kabisa."

Kiti kizuri! Shangazi mwenyewe ni dada wa baba yake mtoto. Mtu mwema, sina neno naye. Lakini msibani kwa binti yangu aliuliza watu, kwa sauti yake ile ya kupitia puani, "Eti jamani, mtoto wa marehemu ndiye yupi?" Huyo ndiye amshike mkono? Nikasema kiatu nitavaa. Nikasema hata vikiwa vya bati nitavaa.

Mkamwana akataka twende wote dukani nikajaribu. Hapo nikakosea, na kosa ni langu peke yangu. Nikamwambia kushuka mlima mzima kwenda kuchomeka mguu na kuutoa ni kupoteza siku, nitampa kipimo. Kwetu baba alipokwenda kuuza pamba, viatu vya kanisani vya kaka zangu alivinunua kwa vijiti. Mtu anakanyaga chini, mimi nakata kijiti cha urefu wa mguu wake, kisigino mpaka kidole. Vijiti vinafungwa pamoja, baba anaondoka navyo. Havikukosea hata siku moja. Basi nikakata bua la mtama, nikampa mkamwana, akaliweka kwenye mkoba wake mzuri kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba mjusi.

Viatu vikaja. Jamani, viatu vizuri! Vinang'aa mpaka kuku waliokuwa uani wakasogea. Nikaweka bua ndani ya kimoja, likakaa sawasawa, halikuzidi wala halikupungua. Nikacheka kwa furaha. Halafu nikaweka mguu. Kidole gumba kikaingia na jirani zake wawili. Wale wengine wawili wakakwama mlangoni.

Bua linajua urefu tu. Kaka zangu walikuwa watoto, miguu yao ilikuwa bado haijasafiri.

Mkamwana akainama, akatazama, akabonyeza. Akasema taratibu, "Mama, hii kweli siyo ugonjwa? Uliwahi kuonyesha hospitali?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Umri huu ukiambiwa neno kama hilo halitoki, linakaa kama mwiba wa samaki kooni. Kuanzia siku ile nikawa nikikaa nje naifunika miguu kwa kanga. Wapita njia wakisalimu, naitikia huku mkono uko kwenye kanga, naivuta chini. Kiatu hakiingii, na sasa na ugonjwa juu. Nikawa namwona shangazi akilini mwangu akipita na mtoto wangu mbele ya kiti changu kizuri.

Ndipo akaja mchumba mwenyewe. Kijana wa Nansio, kule Ukerewe, anafundisha Kiingereza shule ya sekondari hapa mjini. Anaongea polepole, kila neno kama analiandika ubaoni na anasubiri wanafunzi wanakili. Mimi na yeye ni watani, maana mjukuu ni mke mwenzangu, kwa hiyo yeye ni mume wetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wetu. Umeleta sukari au umeleta meno tu?"

"Nimeleta sukari, bibi. Mbona leo umejifunika miguuni? Umemficha nani humo?"

"Nimemficha mume mwingine. Wewe ulichelewa."

Mjukuu akamwambia, "Mwulize vizuri, hajaiacha hiyo kanga wiki nzima." Akamweleza kisa cha viatu. Nikaona haina maana, nikafunua. Yule kijana akaitazama miguu yangu muda mrefu. Hakucheka. Akasema, "Bibi, hiyo wenyewe wanaiita splay."

Moyo ukashuka mpaka kwenye hivyo vidole. Maana kwa uzoefu wangu, kitu cha mwilini kikishapewa jina la Kizungu, kinachofuata ni sindano.

"Inaua?" nikauliza.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Haiui, bibi! Siyo ugonjwa. Ni neno tu. Maana yake kutanuka kwenda nje, huku na huku. Vidole vikiachana hivyo, ni splay. Ng'ombe akiteleza kwenye tope, miguu ikaenda kila mmoja na njia yake, ni splay. Nikikufungulia kiganja hivi, vidole vyote mbalimbali, ni splay. Hata dirisha lina splay."

"Dirisha nalo lina vidole?"

"Yale madirisha ya makanisa ya zamani, yenye ukuta mnene. Nje ni jembamba, ukiingia ndani linapanuka, mwanga uenee. Ule upanukaji ndio splay."

Nikajaribu kulisema. Nikasema supulei. Akasema, "Hapana, bibi. Splay. Usiweke kitu katikati." Nikasema sipulei. Mjukuu akalala chini kwa kucheka. Nikawaambia, hawa watu wana vituko, neno la kutanuka halafu mdomo unalibana namna hiyo kama limefungiwa kwenye kiatu cha dhahabu.

Mwalimu ukishamchekesha hanyamazi. Akavuta kigoda karibu. "Sasa sikiliza lilikotoka, bibi. Zamani halikuwa neno zima hili. Lilikuwa display, watu wakalikata kichwa, kikabaki kiwiliwili."

"Disple naijua," nikamwambia.

Akashangaa. "Unaijua?"

"Fundi simu wa pale stendi kila siku anaisema." Nikamtolea sauti ya fundi, ile ya mtu mwenye bisibisi mdomoni: "Bibi, simu nzima, betri nzima, ila disple imekufa."

"Ndiyo hiyohiyo! Kioo kinachoonyesha. Na hiyo display nayo ilikuja Uingereza kutoka kwa Wafaransa, na Wafaransa waliitoa kwenye Kilatini, ile lugha ya misa za zamani. Kule mwanzoni kabisa ilikuwa na maana ya kukunjua kitu kilichokunjwa. Kama bendera. Unaikunjua ili watu waione."

Bendera sikuifikiria. Nilimfikiria mwuza vitenge wa soko kuu. Unamnyooshea kidole kitenge kiko juu, kimekunjwa kidogo kama kitabu, huoni kitu. Anakivuta, anakirusha hewani, paa! Kinafunguka mbele yako, ndege wote, maua yote, na yeye na sauti yake ya kuimba, "Mama, angalia kazi hiyoo!" Kumbe ndicho nilichofanyiwa. Nilizaliwa na mguu uliokunjwa, majaruba yakashika upande mmoja, mawe ya mlimani yakashika upande mwingine, yakavuta. Na huyu mke mwenzangu aliyelala chini anacheka naye alivuta, maana uzito wa mgongoni nao unashuka kwenye vidole.

Lakini siyo hilo lililonipumzisha. Lililonipumzisha lilikuwa rahisi zaidi. Nikamwuliza, "Hilo neno walilitunga wao wenyewe, Wazungu?"

"Ndiyo, bibi. Wanalo miaka mingi sana."

"Basi na wao wana miguu hii. Wasingekuwa nayo, neno wangelitolea nini?"

Akafikiri. Akasema, "Kweli, bibi. Hilo halimo hata kwenye kitabu."

Aaah, nilivyopumua! Kanga nikaitupa kwenye kamba. Jioni ileile nikakaa mlangoni miguu nje, nimeinyoosha, na jirani aliyepita nikamwambia, "Unaona splei hii? Mpaka Wafaransa." Akadhani nimepewa dawa.

Ila neno halitanui kiatu. Nikavipeleka kwa fundi viatu wa pale chini barabarani, Msukuma mwenzangu, anayeongea zaidi na viatu kuliko na watu. Akakigeuza kimoja, akakinong'oneza, halafu akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hiki nikikitanua sana kitakufa."

"Kitanue, kikifa tutakizika."

Akakitia kalibu, ule mguu wa mti wa mafundi, akagongomea kabari, akafunga na matambara yaliyolowa. Siku tatu. Niliporudi mguu ukaingia. Wote. Vile viwili vya mwisho vilikuwa vimekaliana, lakini vimo ndani.

"Kwa hatua ngapi?" nikamwuliza.

"Mayu, mimi nashona. Sitabiri."

Mkamwana akaja kuona. Akanisimamisha mlangoni, akaniambia tembea mpaka kwenye friji. Nikatembea na tabasamu la mtu aliyebeba sufuria ya moto bila kitambaa. Nikafika. Nikashika friji kama ndugu aliyepotea. Mkamwana akashusha mabega, akasema, "Haya mama. Ni wewe." Na nilimwona naye amepata nafuu, maana si mtu mbaya, anataka tu mambo yaende kama yalivyoandikwa. Tatizo hakuna aliyepima kutoka mlango wa ukumbi mpaka meza ya wakwe ni friji ngapi.

Jumamosi ikafika. Wakwe walivuka asubuhi na meli kutoka Nansio, na saa tisa alasiri wako ukumbini wamekaa, wametulia. Mbele yao wamemweka bibi mzaa baba wa mchumba, kizee kidogo, mkubwa kwangu kwa umri, ana mkongojo. Tangu wamefika hakuwa amesema neno. Akielekea mlango, ukoo mzima unampisha.

Sisi tuko mlangoni. Mjukuu wangu amependeza mpaka namwonea wivu mume wetu. Ameushika mkono wangu, wake una jasho. Ndani emsii, mshereheshaji wetu, anapiga kelele kama anauza nyanya zinazooza:

"Naaaam! Simameniii! Bibi huyooo anamleta bintiii! Taratibu, bibi, taratibu, tunataka kukuona!"

Muziki ukaanza, na hapo ndipo nikakumbuka siku hizi watu hawatembei kuingia ukumbini, wanacheza. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Jamani! Ukumbi mrefu, na bado mnaurudisha nyuma? Mbili mbele, moja nyuma, vidole vikaanza kulaumiana. Mbili mbele, moja nyuma, wale wawili wa mwisho wakaanza kupigana kabisa. Tukafika katikati ya ukumbi, nikasimama.

"Bibi, nishike," mtoto akaninong'oneza.

"Wewe nimekushika. Mguu ndio haujanishika."

Nikaangalia mbele. Shangazi wa Dar, pale kwenye kiti chake, alikuwa ameshauweka mkoba chini. Mkamwana, kule pembeni, amempandishia nyusi. Nikaelewa. Nikiongeza hatua moja na kiatu hiki nitaanguka, nikianguka nitabebwa, nikibebwa yule ataushika huu mkono.

Nikainama. Mtoto akanishikilia kiuno. Nikavua kimoja, nikavua cha pili, nikaviacha palepale. Vigae vilikuwa vya baridi kama maji ya ziwani alfajiri. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, vyote kumi, na nikasema "Aaaaah," toka moyoni, na maikrofoni ya emsii ilikuwa karibu. Ukumbi mzima ukasikia.

Kwanza walicheka. Halafu wakaona sicheki, wakanyoosha shingo kuangalia chini. Muziki ukazimwa. Mwenye kamera, mshenzi yule, akaiteremsha mpaka chini. Emsii akapotea njia: "Eeeh... wageni waalikwa... tuna... tuna mabadiliko kidogo ya ratiba..."

Mkamwana akafika kwa hatua za haraka, tabasamu usoni, meno yamebana. "Mama, umejitahidi sana. Inatosha. Kaa, shangazi atamalizia."

"Nitamaliza mimi. Ni hapo tu."

"Mama, miguu mitupu? Wakwe wanaangalia!"

Shangazi akawa amesimama kweli, amenyoosha kitenge chake, anakuja, mkono ameutanguliza. Mtoto wangu akanibana mkono mpaka mifupa ikalia. Hakuniachia.

Ndipo nikasikia mkongojo unagonga vigae. Yule bibi wa Ukerewe alikuwa amesimama. Shangazi akasimama alipofika. Mkamwana akageuka, akaanza kuinama, "Shikamoo mama, samahani sana, tutarekebisha..." Kizee akaitazama miguu yangu, na mimi sikuificha, nilimwachia aione yote. Halafu akamtazama mkamwana wangu, juu mpaka chini, akasema, na emsii wa watu alikuwa ameshamsogezea maikrofoni:

"Sisi tumevuka maji kufuata mke. Viatu tunavyo."